Makambako–Sapporo, Dakika Hamsini

"Na hizi nyembe?" nilimuuliza. "Pakiti kumi na mbili, Lusungu. Unamnyoa nani?"

"Mama, umefungua begi langu."

"Nimefungua. Jibu."

"Una haki gani ya kufungua begi langu?"

"Nilikuzaa kwa saa kumi na tisa. Jibu swali."

"Zile saa kumi na tisa utazitumia mpaka lini?" Alinyakua begi mezani akalifunga zipu kwa nguvu mpaka kishikio kikang'oka. "Mimi nina miaka ishirini na sita. Nina kazi, nina sare, nina kitambulisho. Siyo mtoto wa kukaguliwa mifuko kama anatoka shule ya bweni."

"Kitambulisho kinasema ishirini na sita," nilisema. "Mwili wako unasema mingapi?"

Alitazama mlango kwanza, kama umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeufunga mwenyewe kabla ya kuanza.

Tulikuwa ofisini kwangu, ghorofa ya pili ya kiwanja cha ndege cha Makambako, saa mbili na nusu asubuhi. Nje ukungu ulikuwa bado umelala juu ya njia ya kurukia, na ndege ya Sapporo ilisimama mbele ya kioo ikijazwa mizigo. Iliondoka kila siku saa nne kamili. Lusungu alikuwa mhudumu wa ndege hiyo. Mimi nilikuwa mpangaji wa safari zake, yaani mtu anayejaza fomu ya umbali, uzito, mafuta na muda, na bila kidole gumba chake kwenye fomu hiyo injini haziwaki.

Nilifungua droo nikatoa kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Nilikifungua mbele yake. Harufu ilitangulia.

"Hii ni nini?" aliuliza, ingawa aliona.

"Ulezi. Niliuloweka juzi usiku. Jana asubuhi nikautia chini kabisa ya kapu lako la chakula, umefungwa kwenye mfuko. Ukaenda Sapporo, ukarudi siku ile ile. Safari mbili za dakika hamsini hamsini, na mapumziko ya saa tatu. Tazama."

Alitazama. Ulezi ulikuwa umeota mizizi ikashikana kama sufu, na majani yaliyopauka kwa kukosa jua, marefu kupita kidole changu cha kati. Chini ulikuwa umeanza kuoza.

"Bibi yako alinifundisha kutengeneza kimea nikiwa na miaka saba," nilisema. "Siku ya pili ulezi unatoa meno. Siku ya nne mizizi imeshikana, unauanika. Ukiusahau mpaka siku ya nane unakuwa hivi, unawapa kuku. Siku nane, Lusungu, kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili."

"Labda ni hewa ya kule juu."

"Usinitukane."

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Alikaa kama mtu mzito, na hapo ndipo nilipoona vizuri mistari miwili pembeni mwa mdomo wake, ambayo mimi mwenyewe niliipata baada ya thelathini.

"Wanaume," alisema hatimaye. "Tunawanyoa wanaume. Ndevu za siku nne haziwezi kufichwa."

*

Ndege ya mkunjo inapanda kama ndege yoyote. Ikifika mita elfu kumi na mbili inawasha mitambo ya kuikunja anga, na rada yetu inaipoteza. Dakika thelathini na nane baadaye rada ya Sapporo inaiona, na dakika chache baada ya hapo magurudumu yanagusa lami. Kati ya Makambako na Sapporo kuna kilomita elfu kumi na mbili na kumi. Ndege za zamani, zile za kuondokea Dar es Salaam, zinakwenda kilomita mia nane sitini kwa saa, na zinatumia saa kumi na nne hivi kwa mwendo kama huo. Kampuni ya Njia Fupi inatumia dakika hamsini, na imeandika hivyo kwenye kila bango kuanzia stendi ya mabasi mpaka mlango wa choo.

Abiria wanalazwa. Wanaambiwa mkunjo unatapisha, na ni kweli unatapisha, kwa hiyo kabla ya kuruka wanavaa vazi la safari la kampuni, wanabandikwa plasta mkononi, wanavuta hewa yenye dawa, wanalala. Saa zote za umeme zinazimika ndani ya mkunjo na zikitoka zinasoma upya saa ya kiwanja. Saa za kutia ufunguo haziruhusiwi. Wanasema springi inaweza kukatika ikamjeruhi mtu. Watu wanaamka Sapporo wana njaa isiyo ya kawaida na wanaichekea. Wana jina lake kabisa, njaa ya mkunjo. Wafanyabiashara wetu wa parachichi walikuwa wa kwanza kulalamika: wanapakia matunda magumu kama mawe, yanafika yamelainika. Kampuni ikawaambia ni mtikisiko. Wakaanza kuvuna mapema zaidi, maisha yakaendelea.

Mimi pia niliendelea. Miaka mitatu nimeandika dakika hamsini kwenye fomu ile, zaidi ya mara elfu moja. Sikudanganya, kwa sababu ndivyo saa ya ukutani kwangu ilivyosema.

"Nani anajua?" nilimuuliza Lusungu.

"Wahudumu wote sita, na marubani. Tunakaa macho kwa zamu. Tunabadilisha plasta kila baada ya saa nane, ndimo mnamo maji na sukari. Tunawageuza ili wasipate vidonda. Tunawasafisha. Saa ya mwisho tunanyoa, tunakata kucha, tunapulizia marashi, tunakaa kwenye viti vyetu tunatabasamu."

"Na mnakubali."

"Nilisaini, Mama. Siku ya kwanza walituambia kila kitu, wakatupa karatasi, aliyetaka kutoka akatoka. Mimi sikutoka."

"Umeruka mara ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

Sikuhitaji kikokotoo. "Siku elfu moja mia mbili na arobaini. Miaka mitatu na miezi minne ya mwili wako, na hukuniambia."

"Ungefanya nini?"

"Hiki ninachofanya sasa."

"Ndiyo maana sikukuambia." Aliinuka akaenda kwenye kioo. "Sikiliza. Mwili ni wangu. Mwakani nakuwa mkuu wa wahudumu. Dada Tabitha anaacha, nafasi ni yangu."

"Tabitha ana miaka thelathini na nne. Kwa nini anaacha?"

Alianza kufuta kioo kwa mkono wa sare.

"Lusungu."

"Hedhi imekata," alisema akiwa amenipa mgongo. "Yeye ameruka toka majaribio. Alikuwa anataka mtoto wa pili."

Nilikunja kitambaa cha ulezi nikakirudisha kwenye droo. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, na hakuna kati ya hayo ambalo lingesaidia saa tatu kasoro asubuhi wakati ndege inapakiwa. Nilifungua orodha ya abiria kwenye kompyuta nikamgeuzia kioo.

"Mwili wako ni wako, sawa. Haya, soma kiti cha kumi na saba."

Alisoma. Rangi ilimtoka.

"Mwalimu Ngailo," alisema. "Yule wa hesabu?"

"Yule wa hesabu. Figo zimekufa zote mbili. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jana alisafishwa. Dada yake anaishi Sapporo na amekubali kumpa figo moja, upasuaji ni wiki ijayo. Daktari wake amesoma bango, dakika hamsini, akasema safari fupi, nenda. Ndani mna mashine ya kusafisha damu?"

"Hakuna."

"Siku nne amelala, mnamtia maji mkononi, hakuna mashine. Atafika?"

"Tutampunguzia maji…"

"Atafika?"

"Mwaka jana kulikuwa na mzee mmoja wa kisukari," alisema polepole. "Siku ya tatu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Iliandikwa moyo ulisimama wakati wa kutua."

"Nani aliandika?"

"Mimi, Mama. Kitabu cha wahudumu nasaini mimi. Mara nyingine zote nimesaini kwamba hakuna tukio." Aligeuka. "Ndiyo sababu nakuomba ufikirie kabla hujaenda kupiga kelele. Ikitoka, hawatamfunga mwenye kampuni. Watamfunga mwenye saini."

*

Bwana Kihwele, meneja wa kiwanja kwa upande wa kampuni, aligonga mara moja akaingia na ufunguo wake. Ni mtu mpole, mfupi, anayependa kuvaa fulana ya sufu chini ya koti hata Desemba. Alimtazama Lusungu, akanitazama mimi, akaona pakiti moja ya nyembe iliyobaki mezani. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Lusungu, fomu bado haijafika kwa kapteni."

"Bado sijaijaza."

"Kuna tatizo la mafuta?"

"La muda."

Alivuta kiti. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo nilimshukuru.

"Sheria ya anga," alisema, "inasema muda wa safari ni tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaguse ardhi, kwa saa ya kiwanja. Siyo saa ya mwili wa mtu. Wanasheria wetu wamelisoma hilo kifungu mpaka karatasi imetoboka. Ukiandika dakika hamsini, hujadanganya."

"Na wahudumu? Sheria hiyo hiyo inasema mhudumu asikae kazini zaidi ya saa kumi na nne bila kupumzika."

"Kwa saa ya kiwanja."

"Bwana Kihwele, wewe umewahi kuipanda?"

Alikohoa. "Mara moja. Kwenye uzinduzi."

"Mara moja tu, na tiketi unapewa bure."

Lusungu alicheka kidogo, bila kutaka. Kihwele hakukasirika.

"Mama Lusungu, wewe ni mwenyeji wa hapa. Kabla ya mkunjo Makambako palikuwa na nini? Vituo vya mafuta na mishikaki. Watu walishuka kwenye basi, wakakojoa, wakala mshikaki, wakapanda tena. Leo kuna hospitali ya rufaa, kuna ghala za baridi, watoto wetu wanajua Kijapani. Wewe unataka kuandika namba moja kwenye fomu na kuturudisha kwenye mishikaki?"

"Mishikaki haijaua mtu."

"Hujala ya kwa Kaduma." Aliinama mbele. "Najua unamwazia Mwalimu Ngailo. Nimeiona orodha. Mimi siyo mnyama. Mtoe. Sema karatasi zake hazijakamilika. Apande ndege ya Dar kesho, kwa gharama yetu, nitaandika mimi mwenyewe. Mtu mmoja ametoka hatarini, ndege imeondoka, mtoto wako hajaguswa. Mengine tutayazungumza Jumatatu."

"Jumatatu ya saa ipi?"

"Mama Lusungu."

Nilimtazama mwanangu. Macho yake yalikuwa yanasema chukua, Mama, chukua hiyo. Ni mtoto wangu wa pekee. Nilichukua.

*

Mwalimu Ngailo alikuwa amekaa benchi la kwanza karibu na lango, na begi dogo la ngozi mapajani, miguu imevimba ndani ya viatu vilivyolegezwa kamba. Alikuwa amevaa tai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Lusungu. Mwanao yuko zamu leo? Nimewaambia wenzangu hapa, huyo anayekuja kunipa juisi nilimfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Alilia."

"Yuko zamu. Mwalimu, kuna tatizo. Fomu yako ya daktari ina kasoro. Leo hutaweza kusafiri. Kesho asubuhi utaondokea Dar na ndege ya kawaida, kampuni imegharamia yote, gari linakuja kukuchukua sasa hivi."

Alifungua begi, akatoa fomu, akavaa miwani. "Kasoro iko wapi? Muhuri huu hapa, tarehe hii, saini hii."

"Muhuri ni wa zamani."

"Ni wa juzi." Alivua miwani. "Ndege ya kawaida ni saa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Unaniondoa kwenye dakika hamsini, unanipa saa kumi na nne, halafu unaniambia ni kwa faida yangu."

"Sijasema ni kwa faida yako."

"Uso wako umesema." Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama watoto waliokuja mbele ubaoni. "Una sababu ambayo huisemi."

"Ninayo."

"Iseme."

"Siwezi, Mwalimu."

"Mtoto akiniletea jibu bila kuonyesha njia nilikuwa namnyima alama, hata kama jibu ni sahihi. Hasa kama ni sahihi, maana ameibia kwa mtu." Akakunja fomu yake kwa uangalifu, kona kwa kona. "Lakini nimeshazeeka, na mwili huu hauna nguvu ya kubishana. Kesho mashine ya Sapporo itanisubiri?"

"Utafika Jumamosi. Itakusubiri. Nitapiga simu mwenyewe."

"Basi sawa. Nafasi yangu mpe yule binti pale. Amekaa toka alfajiri, wamemwambia ndege imejaa."

Nilitazama alipoonyesha. Kwenye benchi la nyuma msichana mmoja alikuwa amefunika bega kwa kanga, na chini ya kanga miguu miwili midogo yenye soksi za njano ilikuwa ikirusha mateke ya kushiba.

*

Sikuhitaji kumpa mtu nafasi. Kompyuta ilifanya yenyewe. Niliporudi ofisini, kiti cha kumi na saba kilikuwa tayari kimejaa: Elika Sanga, na mtoto mchanga, miezi mitatu.

Kihwele alikuwa ameshaondoka. Lusungu alikuwa amejipaka rangi ya midomo na kuvaa kofia, yuko tayari kushuka. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika ishirini.

"Vichanga mnafanyaje?" nilimuuliza.

"Mama, tumeshamaliza. Jaza fomu."

"Nauliza tu. Kazi yangu. Mnafanyaje?"

Alivuta pumzi. "Dawa haiwalazi vizuri. Inawalegeza saa moja mbili, halafu wanaamka. Huwezi kuwaongezea, ni hatari. Kwa hiyo tunawabeba."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, kwa kanga. Kwa zamu. Tuna maziwa ya kopo." Alianza kurekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo. "Siku ya kwanza wanalia sana. Wanamwona mama yao pale amelala, wanataka kwenda kwake. Wakati mwingine tunamlaza kifuani kwa mama yake lakini mama hasikii, mtoto anazidi kulia. Siku ya pili wanachoka. Siku ya tatu wanaanza kutuzoea. Kuna mmoja alianza kunichekea mimi. Kicheko cha kwanza kabisa, nadhani. Mama yake hakukiona."

"Na mkitua?"

"Tunamrudisha mikononi mwa mama yake kabla hajaamka. Mama anaamka, mtoto anamwangalia kama mgeni, ananililia mimi. Nasema oh, amependa sare yangu. Kila mtu anacheka."

"Na maziwa yake? Ya mama?"

Lusungu aliachia kola.

"Siku nne bila kunyonyesha," nilisema. "Unajua matiti yanakuwaje? Wewe uliugua kinywa una miezi miwili, hukunyonya siku moja tu, nililia nimeshika ukuta. Mnamwambia nini?"

"Tunamwambia ni presha ya hewa," alisema.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimemtoa mzee wa watu nikamweka mtoto wa miezi mitatu. Nikimtoa Elika Sanga, anayefuata kwenye orodha ni nani? Niliangalia. Mwanamume wa miaka arobaini na minane, presha. Aliyemfuata yeye sikumwangalia. Kila nikimtoa mtu kimyakimya, kompyuta ingenipa mwingine, na kesho saa nne kungekuwa na ndege nyingine, na Jumatatu ya Bwana Kihwele isingefika.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu. Mimi ningejua. Jana nilikuwa naandika dakika hamsini kama mjinga. Leo ningeandika kama mshirika.

"Lusungu, njoo hapa."

Alikuja akasimama nyuma ya bega langu. Fomu ilikuwa wazi. Umbali: 12,010. Uzito umeshaingia. Mafuta yameshaingia. Muda: nafasi tupu, saa na dakika.

"Ulezi unanipa siku," nilimwambia. "Fomu inataka saa na dakika. Mimi sijui. Wewe unajua."

"Mama, hapana."

"Nikiandika siku nne kwa kukisia, watasema mpangaji amechanganyikiwa, watafuta, watamleta mpangaji mwingine kutoka Njombe na ndege itaondoka saa saba. Namba ya kubahatisha haina maana. Namba kamili itabidi waeleze nimeipata wapi."

"Na umeipata kwangu."

"Ndiyo."

"Nitafungwa."

"Inawezekana. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Nami nitaulizwa fomu elfu moja."

"Unasema kama unasoma bei ya viazi!" Alipiga mgongo wa kiti changu. "Mimi ni mtoto wako! Mama wengine wanaficha watoto wao chini ya kitanda, wewe unataka nikupe namba ya kunifungia!"

"Ukitaka kuondoka, ondoka," nilisema. "Mlango huo. Shuka, panda, mbebe mtoto wa Elika siku nne, mrudishe, mwambie mama yake ni presha. Sitakuzuia. Lakini mimi leo siandiki dakika hamsini. Wakinifukuza, wanifukuze."

Hakuondoka. Nilisikia akivua kofia. Chini, kwenye spika, sauti ya kike ilianza kuwaita abiria wa Sapporo wakavae mavazi ya safari.

"Utaniletea chakula?" aliuliza baadaye. Sauti ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

"Kila siku. Na nitagombana na askari jela."

"Hilo najua." Alivuta pua. "Usiniletee ulezi."

"Sawa."

Aliitazama ile nafasi tupu. Kwa saa ya ukutani ilikuwa nusu dakika. Sijui kwake ilikuwa muda gani.

"Tisini na nane," alisema. "Saa tisini na nane na dakika kumi na mbili. Rubani ana saa ya mchanga. Kubwa, ya saa nzima, yenye alama za dakika. Tunaigeuza kwa zamu, tunapiga mstari kwenye daftari. Daftari liko chini ya sinki la jiko la nyuma, ndani ya mfuko wa nailoni. Safari zote zimo."

Niliandika 98. Niliandika 12.

Fomu ilifikiri kidogo. Chini yake, mahali ambapo kwa miaka mitatu palikuwa pakijitokeza kilomita elfu kumi na nne mia nne na kumi na mbili kwa saa, palijitokeza mwendo mpya wa wastani: kilomita 122 kwa saa.

Lusungu aliinama kusoma.

"Mia ishirini na mbili," alisema. "Mama. Basi la Njombe linatupita."

"Likiwa na dereva mjinga."

Kisanduku chekundu kilifunguka katikati ya kioo. Muda wa safari umezidi saa za kazi za wahudumu. Safari hii itazuiwa na taarifa itatumwa Mamlaka ya Anga. Je, una hakika?

Simu ya mezani ilianza kulia. Ilikuwa namba ya Kihwele. Bila shaka kioo chake kilimwonyesha nilichoandika. Lusungu alinyoosha mkono wake akauchukua mkono wangu wa kulia, hakunivuta, hakunizuia, alishika tu kiganja kwa chini kama tunavyoshika mkono wa mtu anayechomwa sindano.

Niliweka kidole gumba.

Kwenye uwanja, taa za mkia wa ndege zilizimika. Fundi aliyekuwa ameshaondoa vizuizi kwenye magurudumu ya mbele alisimama, akatazama juu kwenye dirisha la rubani, akasikiliza kitu kwenye vipokea sauti vyake. Kisha akainama, akavirudisha vizuizi mahali pake, kimoja, na cha pili, akavipiga teke ili vikae sawa.